Kinga ya kuazima: mtoto, ndama na aliyeng'atwa na mbwa wanaipataje, na kwa nini haidumu?

Mwalimu_Miombo (Urambo, Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Naandaa vipindi vya kinga ya mwili kwa kidato cha tatu. Upande wa kinga ambayo mwili unajitengenezea baada ya kuugua au kuchanjwa sina shida. Kinachonikwamisha ni ile ya kupokea, ambayo darasani tunaiita kinga ya kuazima: kingamwili zimetengenezwa na mwili mwingine, wewe unapewa zikiwa tayari. Vitabu vinasema mtoto anapata kwa mama, haidumu, basi, tunahamia mada nyingine.

Wanafunzi wa huku ni watoto wa wafugaji na wakulima wa tumbaku, hawaachii hapo. Wameuliza hivi. Kama mama kampa mtoto kinga, mbona chanjo ya surua inasubiri miezi 9? Ama mtoto ana kinga ama hana. Halafu aliyeng'atwa na mbwa anachomwa chanjo begani, na bado anachomwa dawa nyingine palepale kwenye kidonda. Kama chanjo inafanya kazi, hiyo nyingine ya nini? La mwisho, wafugaji wanasema ndama aliyekosa dang'a (maziwa ya mwanzo) siku ya kwanza usimhesabu kwenye zizi. Mtoto wa binadamu akikosa maziwa ya mwanzo anadhoofu, lakini hafi kwa kiwango hicho. Tofauti iko wapi?

Naomba maelezo yenye namba. Natanguliza shukrani.

Darubini

Mwalimu, anza na mahindi. Chanjo ni mbegu: unapanda, unasubiri wiki kadhaa, unavuna, na mbegu ya msimu ujao inabaki ghalani. Kingamwili za kupewa ni unga uliokwishasagwa kwa jirani. Usiku huohuo unasonga ugali, njaa inaisha. Lakini unga haupandwi. Ukiisha umeisha, na ghalani hakuna kitu.

Kwa lugha ya maabara: ghala ni seli B za kumbukumbu, yaani seli nyeupe zinazomkumbuka adui. Anayepewa kingamwili hapewi seli hizo, anapewa protini tupu. Protini hiyo ina umbo kama panda ya manati. Ncha mbili za juu zinamshika adui maalum, mguu wa chini unazungumza na mwili. Kazi ya kwanza ni kuziba: ncha zikikaa kwenye sehemu ambayo kirusi au sumu ya bakteria inatumia kujishikiza kwenye seli, adui anabaki anaelea bila mlango wa kuingilia. Kazi ya pili ni kuweka alama, ili seli nyeupe zinazomeza wadudu zione mguu uliobaki nje na kula mzigo wote. Ya tatu ni kuamsha protini za komplementi zinazotoboa utando wa bakteria. Yote hayo hayajali kingamwili imetoka kwa nani, na ndiyo maana kuazima kunawezekana.

Hii si habari mpya. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba majimaji ya damu (seramu) ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au dondakoo yanamlinda mnyama mwingine ambaye hajawahi kukutana nayo. Mwaka 1901 Behring akapata Nobeli ya kwanza kabisa ya tiba kwa kazi hiyo ya seramu.

Sasa kuhusu kuisha. Seli za kuta za mishipa humeza majimaji ya damu kila wakati na kusaga protini zilizomo. Aina ya kingamwili iitwayo IgG huponea kwa sababu ndani ya seli hizo kuna kipokezi, FcRn, kinachoushika mguu wake na kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo IgG hupungua nusu kila baada ya siku 21 hivi. Aina nyingine, IgM na IgA, hazina mwokozi huyo, zinapungua nusu ndani ya siku 5 au 6.

Andika ubaoni: kiwango cha kuanzia 64. Wiki ya 3 ni 32, wiki ya 6 ni 16, ya 9 ni 8, ya 12 ni 4, ya 15 ni 2, ya 18 ni 1. Tuseme ugonjwa fulani unahitaji angalau 4 ili uzuiwe. Huyu amelindwa wiki 12. Aliyeanza na 256, yaani mara nne zaidi, amelindwa wiki 18 tu. Mara nne ya kinga, wiki sita za nyongeza! Hapo wanafunzi wataelewa kwa nini huwezi kumjaza mtu kingamwili za miaka kumi kwa sindano moja. (Namba hizo ni za kufundishia, si za ugonjwa wowote.)

Muuguzi_wa_Zamu (Kasulu)

Nachukua swali la mtoto, kwa sababu kipokezi hichohicho alichotaja Darubini ndicho kinachovusha kingamwili kwenye kondo la nyuma.

IgG pekee ndiyo inavuka. IgM haivuki, IgA haivuki. Kazi inaanza polepole kwenye wiki ya 13 hivi ya ujauzito, na mzigo mkubwa unapita miezi mitatu ya mwisho, hasa wiki nne za mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na IgG sawa na ya mama au kuizidi. Aliyezaliwa wiki ya 30 ameondoka dukani kabla hajafungiwa mzigo, na hiyo ni sababu mojawapo ya njiti kupata maambukizi kirahisi.

Wafundishe pia kwamba mama hagawi asichokuwa nacho. Kama hajawahi kuugua surua wala kuchanjwa, hakuna kingamwili za surua za kuvusha. Kuna jambo la kwetu huku Kigoma na kwenu Tabora: malaria ikijificha kwenye kondo, upitishaji wa kingamwili unapungua hata kama damu ya mama imejaa. VVU navyo vinaupunguza. Kwa hiyo dawa ya SP ya kuzuia malaria, ile ya kila mwezi kliniki, na chandarua vinamlinda mama, na vinalinda pia njia ambayo kinga ya mtoto inapita.

Sasa surua. Mwanafunzi wako anasema ama ana ama hana. Kuna hali ya tatu, na hiyo ndiyo imeweka ratiba. Chanjo ya surua-rubela ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ili ifanye kazi, lazima virusi hivyo vizaliane kidogo mwilini ndipo mfumo wa kinga uvijue. Kingamwili za mama zikikuta virusi vya chanjo, zinaviziba kama zinavyoziba vya ugonjwa. Chanjo inakufa kabla ya kufundisha. Rudi kwenye namba za Darubini: kiwango kikishuka chini ya 4 mtoto halindwi tena na ugonjwa, lakini kile kidogo cha 2 au 1 bado kinaweza kuharibu chanjo. Huo ndio mwanya mbaya, na urefu wake unatofautiana mtoto kwa mtoto. Ukichanja miezi 3, wengi chanjo imepotea bure. Ukingoja miezi 15, wengi wamekaa wazi muda mrefu. Kwetu imewekwa miezi 9, halafu ya pili miezi 18 ili kuwanasa wale ambao ya kwanza haikushika. Surua ikilipuka mahali, mtoto anaweza kuchanjwa kuanzia miezi 6, ila dozi hiyo haihesabiwi. Miezi 9 anarudi palepale.

Chanjo za sindano za wiki 6, 10 na 14 si vijidudu hai, hazihitaji kuzaliana, na zinarudiwa, kwa hiyo kingamwili za mama zinazisumbua kidogo tu. BCG inatolewa mtoto akizaliwa kwa sababu kinga ya kifua kikuu inategemea zaidi seli kuliko kingamwili.

Mfano bora wa kinga ya kuazima kliniki ni pepopunda. Tunamchanja mama ili kumlinda mtoto ambaye bado hajaonekana. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza ni anapofika kliniki mara ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu miezi 6 baadaye, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Dozi ya pili iwe imetangulia kujifungua kwa wiki 2 au zaidi, vinginevyo mwili wa mama haujapata muda wa kutengeneza na kuvusha. Mama anayeanza kliniki mwezi wa nane na nusu ndiye anayetupotezea hesabu hiyo.

Dagaa_Mbichi (Ujiji)

Shikamoo dada Muuguzi. Kwa hiyo mama mjamzito akichanjwa surua si atampa mtoto nyingi zaidi?

Muuguzi_wa_Zamu

Marahaba. Hapana, chanjo hai ya surua-rubela haitolewi kwa mjamzito. Inatolewa kabla ya kubeba mimba, na asubiri angalau mwezi mmoja. Ya pepopunda haina kijidudu hai, ndiyo maana inaruhusiwa.

Nilisahau maziwa. Ya mwanzo, yale ya njano mazito, yamejaa IgA. Kwa binadamu IgA hiyo haiingii kwenye damu ya mtoto. Inabaki kooni na tumboni, inapaka ukuta wa utumbo kama chokaa inavyopaka ukuta wa nyumba, na vijidudu vya kuhara vinateleza. Ni kinga inayofanya kazi kwa kupakwa upya kila anaponyonya. Ukiacha kunyonyesha leo, kesho kutwa chokaa imebanduka. Mtoto awekwe titi ndani ya saa moja ya kwanza na asipewe maji, uji wala maji ya sukari mpaka miezi 6.

Ng'ombe_na_Kondo

Hapo dada amenipokeza kijiti, kwa sababu jibu la ndama linaanzia kwenye kondo.

Kwa binadamu, damu ya mama inaogesha moja kwa moja ukuta wa kondo wa upande wa mtoto. Tabaka ni chache, kingamwili inavuka. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kondo limeshikamana na tumbo la uzazi kwa vifundo, na tabaka kati ya damu mbili ni nyingi. Hakuna kingamwili ya maana inayovuka. Ndama anaanguka chini akiwa karibu mtupu kabisa, hana hata ile 64 ya Darubini. Kila kitu kinategemea dang'a. Ndiyo tofauti, Mwalimu: mtoto wa binadamu amekuja na mzigo wa damu na maziwa yanamwongezea, ndama amekuja mikono mitupu.

Utumbo wa ndama mchanga una tabia ya ajabu. Kwa saa chache seli zake zinameza protini nzimanzima na kuzipitisha kwenye damu bila kuzisaga. Uwezo huo ni mkubwa saa 6 za kwanza, unashuka sana baada ya saa 12, na kufikia saa 24 mlango umefungwa. Dang'a ya siku ya pili ni chakula kizuri na inapaka utumbo, lakini haiingizi tena kingamwili kwenye damu. Mfugaji anayesema "amenyonya, nilimwona jana jioni" wakati ndama alizaliwa juzi usiku, amechelewa.

Kiasi: asilimia 10 ya uzito wa ndama, ndani ya saa 6 na ikiwezekana ndani ya saa 2. Ndama wa kienyeji wa kilo 20 anahitaji lita 2. Wa chotara wa kilo 30 anahitaji lita 3. Saa 12 baadaye rudia nusu ya kiasi hicho. Kwa mbuzi, mililita 50 kwa kila kilo ya mtoto kwa mlo mmoja, milo minne siku ya kwanza. Mtoto wa kilo 2 ni mililita 100 kila mlo.

Mambo yanayoharibu:

Ubora kwanza. Mkamuo wa kwanza ndio wenyewe. Wa pili umeshuka sana. Jike anayevuja kabla ya kuzaa, au aliyeendelea kukamuliwa mpaka siku za mwisho bila kupumzishwa, dang'a yake ni nyepesi. Mwenye kipimo cha sukari cha kuchungulia (kile cha Brix) aweke tone: 22 au zaidi ni nzuri. Asiye nacho atazame unene na rangi, japo macho hudanganya.

Uchafu. Bakteria wakitangulia kufika utumboni wanauziba ule mlango na kushikana na kingamwili humohumo. Ndoo iliyosuuzwa maji ya lambo inaweza kufuta faida ya lita mbili nzuri. Osha chuchu, osha chombo.

Joto. Dang'a inaweza kugandishwa na kukaa mwaka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuyeyusha ni kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 50. Ukiiweka jikoni ikapita 60, umepika kingamwili.

Ndama dhaifu asiyesimama ndani ya saa 2, kamua umpe kwa chupa yenye chuchu. Usimmiminie mdomoni kwa chupa ya soda akiwa amelala chali. Inaingia mapafuni na anakufa kwa nimonia ambayo mtalaumu upepo. Kitovu kitumbukizwe kwenye iodini mara tu anapozaliwa, kwa sababu huo ni mlango mwingine.

Aliyekosa utamjua wiki ya kwanza hadi ya tatu: kuhara, kukohoa, viungo kuvimba, kitovu kinanuka. Utampa antibiotiki, atapata nafuu, atarudi tena.

Na jambo moja la kuwatahadharisha wafugaji wa Kaliua na Sikonge: dang'a haitakulindia ndama na ndigana kali. Kimelea chake kinaishi ndani ya seli nyeupe zenyewe, kingamwili zinazoelea kwenye damu hazikifikii. Kinga yake inategemea seli. Kuogesha dhidi ya kupe kubaki palepale.

(Na nyumba ambazo dang'a inapikwa yote ikaliwa na watu: ndama kwanza, jamani. Kinachobaki chemsheni, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba unapita kwenye maziwa mabichi.)

Darubini

Swali la mbwa bado linaning'inia.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisafiri kwa damu. Kinakaa kwenye msuli wa kidonda kwa muda, kisha kinaingia kwenye neva na kupanda kwenda ubongoni. Kikishaingia kwenye neva, kingamwili haikipati. Chanjo inaanza kutoa kingamwili za kutosha baada ya siku 7 hadi 14. Kwa hiyo kuna wiki moja au mbili ambapo mbegu iko ardhini na njaa iko mlangoni. Unga wa kuazima ni wa wiki hizo, na unawekwa pale kirusi kilipo, yaani ndani na kuzunguka kidonda.

Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 ni huu. Kabla ya yote osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, zipimwe kwa saa. Hatua hii haihitaji hospitali na inaondoa virusi vingi kuliko watu wanavyodhani. Halafu chanjo ianze siku hiyohiyo: kwa ngozi, mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7. Au kwa msuli siku ya 0, 3, 7 na dozi ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Kingamwili ni kwa majeraha ya daraja la tatu: meno yametoboa ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, mdomoni au machoni. Aliyelambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha haihitaji. Aliyewahi kumaliza chanjo ya kichaa cha mbwa naye haihitaji, kwa kuwa ana mbegu ghalani. Anapewa chanjo za kukumbushia tu.

Dozi ya juu ya kingamwili za binadamu ni yuniti 20 kwa kilo, za farasi ni yuniti 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni yuniti 1,200 za binadamu. Kwa dawa yenye yuniti 150 kwa mililita, hizo ni mililita 8. Mtoto wa kilo 15 ni yuniti 300, mililita 2. Mtoto akiwa na majeraha matano usoni, mililita 2 hazitoshi kuyafikia yote. Hapo huongezi dozi, unaichanganya na maji ya chumvi ya hospitali mpaka kila jeraha lipate. Kwenye ncha ya kidole usilazimishe ujazo mkubwa, damu itazuiliwa. Kushona kidonda kungoje. Ikibidi, kingamwili zitangulie.

Kama hazikupatikana siku ya kwanza, zinaweza kutolewa mpaka siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeanza kuvuna wenyewe na kingamwili za nje zinaweza kuingilia mavuno. Na kituo kisichonazo kisimrudishe mtu nyumbani asubiri: kuosha na chanjo vinaanza mara moja.

Asali_ya_Sikonge

Wakuu, na seramu ya nyoka? Si ndiyo haohao farasi? Huku warina asali na wakata kuni wanakutana na kifutu na koboko. Nimesikia mtoto anapewa nusu ya mtu mzima, na kwamba jiwe jeusi likiwekwa mapema serum haihitajiki.

Tumbaku_Kavu

Nusu ni sawa mkuu, dawa zote za mtoto zinakwenda kwa uzito.

Muuguzi_wa_Zamu

Tumbaku, hapo hapana, na kosa hilo linaua. Seramu haipimwi kwa uzito wa mgonjwa, inapimwa kwa sumu ya nyoka. Kifutu hakumpunguzia mtoto sumu eti kwa sababu ni mdogo. Mtoto na mtu mzima dozi ni moja. Kwa mtoto unapunguza tu maji ya kuchanganyia. Vichupa vingapi inategemea aina ya seramu, soma karatasi yake, na hakikisha nyoka wa kwetu wametajwa humo. Kingamwili za nyoka wa bara lingine hazishiki sumu ya kifutu hata ukimwaga vichupa ishirini.

Jiwe jeusi linafyonza damu kidogo ya juu, sumu imeshaondoka. Kufunga kamba, kuchanja kwa wembe na kunyonya kwa mdomo kunaongeza madhara. Tuliza kiungo kama kilichovunjika, vua pete na bangili, mpeleke.

Si kila aliyeumwa anahitaji seramu. Kwa nyoka wanaoharibu damu kuna kipimo rahisi: mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo safi na kavu, iache imesimama dakika 20, kisha iinamishe. Ikimwagika bila kuganda, sumu imefanya kazi. Chupa ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, inaweza kukupa jibu la uongo. Koboko ni habari nyingine: kope zinalegea, mate yanamshinda, pumzi inakata. Huyo seramu haraka na awe mahali pa kumsaidia kupumua. Swila akitema jichoni, osha kwa maji mengi. Seramu haiwekwi jichoni.

Kwa kuwa ni protini ya farasi, mwili unaweza kuikataa. Kabla ya kufungua dripu, adrenalini iwe imevutwa kwenye bomba: mtu mzima miligramu 0.5 msuli wa paja, mtoto miligramu 0.01 kwa kilo. Mgonjwa aangaliwe kwa karibu, hasa saa ya kwanza. Aambiwe pia kwamba siku ya 5 hadi 14 anaweza kupata homa, upele na maumivu ya viungo. Si malaria kila mara. Mwili wake umeanza kutengeneza kingamwili dhidi ya kingamwili za farasi.

Darubini

Nyongeza ndogo kwa Mwalimu: seramu nyingi za nyoka zimekatwa mguu wa kingamwili makusudi ili kupunguza mzio huo. Bila mguu, kile kipokezi kinachookoa IgG hakina pa kushika, kwa hiyo zinaondoka mwilini mapema sana kuliko siku 21. Sumu iliyojificha kwenye uvimbe ikiendelea kutoka baada ya seramu kuisha, dalili zinarudi. Ndiyo maana damu inapimwa tena baada ya saa 6.

Mwalimu_Miombo

Asanteni sana wakuu, hapa nina vipindi vitatu. Mawili tu. Kwenye mbwa, chanjo na kingamwili vikiwekwa bomba moja kuokoa sindano kuna tatizo? Na je, kuna onyesho la vitendo ninaloweza kufanya bila vifaa vya maabara?

Darubini

La kwanza: tatizo kubwa. Kingamwili zitashika chanjo humohumo kwenye bomba, ni ileile hadithi ya surua na kingamwili za mama. Bomba tofauti, sehemu tofauti ya mwili.

Ng'ombe_na_Kondo

La pili ninalo. Omba mililita 50 za dang'a ya mkamuo wa kwanza baada ya ndama kushiba, na mililita 50 za maziwa ya ng'ombe aliyezaa zaidi ya wiki moja iliyopita. Tia kila moja kwenye gilasi inayohimili joto, ziweke zote mbili ndani ya sufuria ya maji, pasha polepole. Maziwa ya kawaida yatabaki majimaji. Dang'a itaanza kuwa nzito na mwisho itaganda kama ute wa yai, kwa sababu ya wingi wa protini, na sehemu kubwa ya protini hizo ni kingamwili zenyewe. Kama una kipimajoto, wanafunzi waandike nyuzi ambazo unene unaanza, kisha waulize kwa nini ndama hapewi dang'a iliyochemshwa. Vijiti vya kukorogea visibadilishane gilasi, na ukikosa dang'a ya mkamuo wa kwanza usitumie ya siku ya tatu. Haitaganda vizuri na darasa litakucheka.